Mafundi wa Makole na seva iliyovuja kumbukumbu

Seva ya ofisi yetu hapa Dodoma, inayotumia mfumo endeshi wa Linux, ilikuwa ikiishiwa kumbukumbu kila baada ya siku chache, na fundi wa kwanza akatushauri tuongeze RAM, jambo ambalo lingekuwa sawa na kutia maji kwenye pakacha. Mafundi wa karakana moja ya Makole walianza kwa kusoma faili ya /proc/meminfo, inayoonyesha jinsi kumbukumbu inavyotumika, wakatuonyesha kwamba kilichokuwa kikivimba ni kumbukumbu ya kerneli (kiini cha mfumo endeshi) yenyewe, wala si ya programu zetu. Kisha wakaweka kerneli ya majaribio yenye kmemleak, chombo kinachosaka vipande vya kumbukumbu ambavyo havielekezwi tena na kielekezi (anwani ya mahali kipande kilipo) chochote, hadi wakafika kwenye msimbo wa SELinux, sehemu ya kerneli inayolinda seva kwa kufuata kanuni ziitwazo sera. Humo, upakiaji wa sera uliposhindikana, msimbo ulirejea bila kuachilia nafasi uliyokwisha kuitenga, na skripti yetu (aibu ni yetu) ilikuwa ikijaribu kupakia sera mbovu kila dakika. Walikataa kuizima SELinux, wakatuwekea kerneli iliyorekebishwa. Risiti tuliidai mara mbili. Nyota nne kati ya tano.