Bwawa la ndoano njia ya Usa River: nyota nne, na ile sheria yao msiipigie kelele

Nimesoma malalamiko ya wateja kuhusu hili bwawa la kulipia kuvua samaki, nje ya Arusha, na karibu yote yanaangukia kwenye ubao uliopigiliwa misumari kwenye mti wa mgrivea pale getini: UKIMVUA NI WAKO, HARUDI MAJINI. Kuna kaka mmoja kaandika kwa hasira kwamba alilazimishwa kununua kilo tatu za samaki wakati yeye shida yake ilikuwa picha tu. Mimi nawapa nyota nne, na tatu kati ya hizo ni za huo ubao. Jina la bwawa sitalitaja kwa sababu na mimi nina langu la kulalamika huko chini, ila wa njia hiyo watalijua kwa bango lenye samaki anayecheka.

Kwanza mambo ya mfukoni. Daladala ya Usa River unapita Tengeru, unashuka, boda ni 2,000 hadi getini katikati ya migomba na mibuni. Masika usithubutu kwenda na gari dogo. Kiingilio ni 3,000 kwa mtu mzima na 1,000 kwa mtoto. Fimbo ya kukodi 5,000, chambo bure: minyoo kwenye kopo la rangi, au donge la unga wa dona na pumba. Samaki ni 12,000 kwa kilo, anapimwa mbele yako. Sokoni Kilombero utapata wa barafu kwa pungufu ya hapo, kwa hiyo ukija kutafuta unafuu umepotea njia. Wanakukaangia kwa 4,000 pamoja na ndizi na kachumbari, na kachumbari yao ina pilipili ya kweli.

Mabwawa yako matatu, la perege, la kambale, na dogo la vifaranga ambalo haliguswi. Maji yanashuka kwa mfereji kutoka Mlima Meru, kwa zamu na wenye mashamba ya mboga, na kiangazi zamu inakuwa ndefu kweli. Ukifika kipindi hicho bwawa la perege linakuwa limepungua na samaki wanaelea karibu na juu kutafuta hewa, hawana hamu ya chambo. Pigeni simu kwanza.

Mimi ni mzaliwa wa Ukerewe. Kwetu mtoto anaanza na ndoano kabla hajaanza na kalamu, na hakuna anayeiita burudani. Nimeolewa Kibosho, na mume wangu mpaka leo anaamini samaki aliumbwa kwa ajili ya Ijumaa Kuu. Kwa hiyo hamu ya kushika fimbo nyumbani kwetu Njiro ni yangu peke yangu, na kwa miaka mingi nimekuwa natafuta mahali pa kwenda nayo. Mahali penyewe panazidi kuwa pachache. Ziwa Duluti liko ndani ya hifadhi ya msitu, watu wanalipia kuingia wapige makasia na watazame ndege. Momella iko ndani ya Hifadhi ya Taifa Arusha, ni ya flamingo. Inabaki Nyumba ya Mungu, bwawa la umeme la miaka ya 1960 kule chini ya Moshi, ambalo makokoro na nyavu za matundu madogo viliwamaliza samaki wake mpaka mwaka 2016 serikali ikafunga uvuvi kwa muda ili wapate kuzaana. Siwalaumu. Na Sheria ya Uvuvi ya 2003 na kanuni zake za 2009 zinamtaka hata anayevua kwa kujifurahisha awe na leseni. Kwa mtu wa mjini mwenye Jumamosi moja na fimbo moja, bwawa la kulipia ndiko tunakoelekea, tupende tusipende.

Ndiyo maana nakichukulia kile kibao kwa uzito.

Nilikwenda na binti yangu Neema, ambaye hakutaka kushika fimbo. Aliniuliza, "Mama, ni mchezo gani huo ambao mmoja hajaulizwa kama anacheza?" Sikuwa na jibu la kumpa mtoto wa sekondari. Mwaka 2003 mtafiti wa Uingereza, Lynne Sneddon, na wenzake walidunga sumu ya nyuki na tindikali ya siki kwenye midomo ya samaki aina ya trauti. Wale samaki walichelewa sana kurudi kula, na waliodungwa tindikali wakawa wanajisugua midomo kwenye kokoto. Wako wanasayansi wanaobisha hadi leo kwamba hayo si maumivu kama yetu. Sawa, wabishane. Lakini mimi nimeshatoa ndoano kwenye midomo mingi, na siwezi tena kumwambia mtoto kwamba samaki hasikii kitu.

Sheria za wenzetu zimeshafika hapo. Ujerumani, sheria ya kulinda wanyama inataka uwe na sababu ya maana kabla ya kumuua au kumtesa mnyama mwenye uti wa mgongo. Kula ni sababu. Picha siyo. Uswisi tangu mwaka 2009 hairuhusiwi kwenda kuvua huku umeshapanga kumrudisha kila utakayemvua. Sidhani kama mwenye bwawa letu aliwahi kusoma hayo. Yeye aliweka ubao kwa hesabu za biashara tu. Kijana wa pale aliniambia zamani, Jumapili watu wakishapiga picha na kurudisha, Jumatatu wao walikuwa na kazi ya kuokota waliokufa. Naamini. Mtu anamshika perege kwa mikono mikavu, ute wote unabaki viganjani, anamlaza kwenye nyasi akitafuta simu, kisha anamtupa kwenye maji ya moto ya saa nane mchana. Akipona hapo, siku chache baadaye ukungu mweupe unamwota mgongoni.

Sisemi kurudisha ni kubaya kila mahali. Ziwa Victoria ukivua sangara wa chini ya sentimita 50 kanuni hazikuruhusu kumchukua, na una haja ya kumrudisha upesi akakue. Rubondo, kisiwa cha hifadhi humo humo ziwani, wageni wanalipa fedha nyingi kuvua sangara wakubwa na kuwaachia, na wale ndio wazazi wa ziwa. Pale kuna kizazi cha kulinda. Huku Usa River vifaranga wanawekwa na mfugaji, wanalishwa pumba, wanakua waliwe. Ukimrudisha unalinda nini zaidi ya pochi yako?

Sasa nyota ya tano, naizuia kwa sababu hawa ndugu wameandika nusu ya sheria. Ukimvua ni wako, sawa, halafu? Halafu wanamtupa kwenye ndoo kavu anatapatapa mpaka achoke. Nilimwambia yule kijana, "Mpige kichwani mara moja." Akacheka, "Shikamoo mama, huyu anakufa mwenyewe." "Marahaba, najua anakufa, mpige." Hakukuwa hata na rungu. Nililiomba la mlinzi, Mmasai asiyekula samaki, ambaye alinipa huku akinitazama kwa mashaka makubwa. Kipande cha mti kando ya kila kiti kingetosha, na gharama yake ni sifuri.

Ndoano zao nazo ni kubwa mno kwa perege, na zina ule mwiba wa nyuma unaorarua mdomo wakati wa kuitoa. Koleo linaubana mwiba huo ukalala, ndoano ikatoka kirahisi, hata ikiingia kwenye kidole cha mtoto. Wakati wangu ilimwingia mtoto wa familia ya jirani na ilichukua muda na kelele nyingi. Na yule kijana anabana kwa meno vipande vya risasi, ile metali yenye sumu, kwenye mshipi ili uzame! Uingereza walipiga marufuku sehemu kubwa ya risasi za kuvulia mwaka 1987 kwa sababu batamaji wale weupe wa shingo ndefu walikuwa wanazimeza na kufa. Hapa kuna bata wanaozunguka kutwa kwenye tope lile lile zinakodondokea, na mayai yao yanauzwa jikoni. Nati ndogo ya baiskeli inazamisha mshipi vizuri tu.

Maboya ya kuokolea hakuna, mwenye watoto wadogo akae nao karibu. Choo ni kisafi. Kambale anakawia ila ukimpata ni mzito, kwa hiyo hesabu pesa kabla hujatupa mshipi, maana hakuna mkopo na mtandao wa kulipia kwa simu unakatika. Jumapili baada ya ibada samaki wanakuwa wameshibishwa mikate na watoto, hawashiki chambo kabisa. Nendeni Jumamosi kabla ya saa tatu asubuhi, na muombe bwawa la perege upande wa mfereji.