Kijitabu cha askari wetu wa Keya: huduma ya historia za familia katika steshenari moja ya Mwanjelwa

Steshenari ninayoizungumzia iko Mwanjelwa jijini Mbeya, imebanwa kati ya duka la vifaa vya simu na kibanda cha chipsi, na kwa nje haina dalili yoyote ya kushughulika na mambo ya kale. Riziki yake ya kila siku ni kurudufu vyeti, kuchapa barua za maombi ya kazi na kupiga picha za pasipoti. Huduma ya historia za familia, kwa maelezo ya dada anayeisimamia, ilianza pale wateja waliokuwa wakimletea picha za wazee zilizofifia walipoanza kumuuliza wazee hao waliishia wapi. Kwa shilingi 120,000 mteja anapata picha iliyorekebishwa, utafutaji wa kumbukumbu, na nakala tano za kijitabu chenye jalada gumu. Sisi tuliagiza cha babu yetu mdogo, ndugu wa babu mzaa baba, aliyeondoka Rungwe akiwa kijana ambaye hajaoa, akajiunga na Keya, yaani King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, na hakurudi.

Utafutaji ndio unaostahili fedha hizo, ingawa kwa kweli chanzo chake kikuu ni cha bure. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, iliyoundwa mwaka 1917, imeweka kwenye tovuti yake kumbukumbu za watu wapatao milioni 1.7 waliokufa katika vita viwili vya dunia, na mtu yeyote mwenye simu anaweza kuzipekua. Kinacholipiwa Mwanjelwa ni ujuzi wa kuzipekua. Babu yetu aliandikishwa kwa jina lake la nyumbani tu, la baba yake likawekwa kama maelezo ya pembeni, na lile “Mwa” linaloanzia majina mengi ya koo za Wanyakyusa halikuandikwa kabisa. Ukitafuta kwa jina la ukoo kama linavyosomeka kwenye vitambulisho vyetu vya leo, hutampata hata ukikesha. Dada yule aliliacha jina la ukoo, akachuja kwa kikosi na kwa mwaka, akabadilisha L kuwa R na R kuwa L, kwa sababu karani wa jeshi aliandika alichokisikia, na hatimaye akamfikia askari mmoja wa kawaida, mwana wa baba aliyetajwa, mtu wa Tukuyu, aliyefariki Oktoba 1944 na ambaye jina lake limechongwa kwenye Mnara wa Kumbukumbu wa Rangoon, ndani ya makaburi ya Taukkyan, kaskazini mwa jiji ambalo sasa linaitwa Yangon, nchini Myanmar, yaani Bama ya enzi hizo.

Hapo ndipo nilipoanza kuiheshimu huduma hii, kwa kuwa ugunduzi huo ulipingana na masimulizi ya nyumbani na mtoa huduma hakuukwepa mgongano huo. Kwetu imesemwa miaka yote kwamba babu mdogo alizama baharini. Simulizi hiyo haikutoka hewani: tarehe 12 Februari 1944 meli ya Khedive Ismail, iliyokuwa ikisafirisha wanajeshi kutoka Mombasa kwenda Ceylon, ilipigwa na nyambizi ya Japani na watu zaidi ya 1,200 wakafa, wengi wao wakiwa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Kijitabu kinaeleza kwa utaratibu kwa nini hakuwa miongoni mwao. Hakuwa askari wa mizinga bali wa miguu, alifariki miezi minane baadaye, na askari wa mizinga wa Afrika Mashariki waliozama na meli ile wanakumbukwa Nairobi. Kisha kinaonyesha alikokuwa kwa uwezekano mkubwa zaidi, yaani Bonde la Kabaw, ambako Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliwafuata Wajapani waliokuwa wakirudi nyuma kutoka Imphal nchini India, katikati ya masika ya Bama, kwenye matope yaliyomeza magari, huku malaria na homa ya utitiri wa vichakani (scrub typhus) zikiangusha watu pamoja na risasi. Divisheni hiyo iliifikia Kalewa, kando ya mto Chindwin, mwanzoni mwa Desemba. Kwamba jina lake liko kwenye mnara na si kwenye jiwe la kaburi kunamaanisha kuwa hana kaburi linalojulikana, na kijitabu kinalisema hilo waziwazi, bila kulipamba.

Pongezi zangu zinaishia hapo kwa muda, kwa sababu kazi ya picha ilinikera. Tulipeleka picha moja tu iliyopo, amesimama na kofia pana iliyokunjwa upande mmoja, mkunjo wa karatasi ukiwa umempita kifuani. Mkunjo uliondolewa kwa ustadi, vifungo vya shati vikarudi mahali pake. Lakini programu iliyotumika ilimlainisha uso mpaka akafanana na kijana wa tangazo la mafuta ya kupaka, na ilifuta kovu dogo lililokuwa juu ya nyusi ya kushoto ikidhani ni uchafu. Bibi yetu, kitinda mimba wao na ndugu wa mwisho aliye hai, aliishika picha ile karibu na dirisha, akaigeuza, akauliza, “Huyu ni nani?” Kovu hilo lilitokana na kuanguka kutoka kwenye mwembe, na ndilo analomtambulia. Lilirudishwa bila malipo ya ziada, tena kwa adabu (“Samahani sana bibi, tutamrudisha alivyokuwa”), ila mteja asingepaswa kulidai. Halikadhalika, rasimu ya jalada ilikuja na picha ya askari wa Kijerumani wa vita vya kwanza, iliyookotwa mtandaoni, eti kwa kuwa ni askari wa Tanganyika, nayo ikaondolewa.

Udhaifu mkubwa zaidi uko kwenye sura ya familia. Bibi alizungumza mchana mzima, Kinyakyusa na Kiswahili vikipokezana, na kilichomtoka si historia ya kishujaa. Alieleza jinsi mtu wa bomani alivyoleta karatasi na baadaye fedha, jinsi fedha zile zilivyonunua ng'ombe, na jinsi ng'ombe yule alivyowagombanisha ndugu wawili mpaka mmoja akahamia Kyela, kwa sababu mama yao hakutaka maziwa yake yanywewe ndani ya nyumba. Hayo yote yalifupishwa kuwa sentensi moja: “Familia ilizipokea taarifa hizo kwa majonzi makubwa.” Nilipouliza, nikajibiwa kwamba mambo ya ugomvi huwa hayawekwi, maana wateja hawayapendi. Inawezekana wengine hawayapendi. Sisi tulilipia historia ya familia, na ng'ombe yule ndiye historia yenyewe. Ndiye sababu ya nusu ya ukoo kulima mpunga Kyela badala ya migomba Rungwe. Tuliandika sura hiyo upya wenyewe na kumtaka aichape kama ilivyo, naye akaichapa, baada ya kunitahadharisha kwamba kurasa za ziada zina bei yake.

Jambo moja dogo linaniongezea imani. Tuliomba pia atafutwe baba wa babu yetu mdogo, ambaye inasemekana alichukuliwa kuwa mpagazi mwaka 1916, majeshi ya Jenerali Northey yalipoingia kutokea Nyasaland. Hakupatikana, na hatukutozwa. Dada alitueleza kuwa taarifa ya Tume yenyewe ya mwaka 2021 inakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafikia 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuwahi kukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, wapagazi wakiwa kundi kubwa miongoni mwao. Mtu mwingine angetuuzia mpagazi yeyote mwenye jina linalokaribiana.

Kwa atakayekwenda: peleka jina la baba wa marehemu na majina yote ya utani, wilaya kama ilivyoitwa enzi hizo, na karatasi yoyote yenye namba ya jeshi, hata ikiwa imeliwa na mchwa. Picha halisi usiiache dukani; subiri iskaniwe ukiiona, kisha urudi nayo. Dai faili la picha kwenye flashi kabla hujamalizia malipo, kwa kuwa halimo kwenye bei mpaka uliulizie. Sura ya familia andikeni wenyewe, hata kama Kiswahili chenu si cha kitabuni. Nakala ya sita na kuendelea ni shilingi 15,000 kila moja, na sisi tumeagiza mbili za kupeleka Kyela.