PostgreSQL na saa za programu za wavuti: tathmini ya mtumiaji

Mfumo wa mauzo unaotumika Dar es Salaam, huku seva yake ikifuata saa ya UTC (saa ya kimataifa ya marejeo, iliyo nyuma ya Dar es Salaam kwa saa tatu), huwa na kasoro inayojitokeza mwisho wa mwezi. Risiti iliyotolewa saa nane usiku wa kuamkia tarehe 1 Februari husomeka kwenye kanzidata kuwa ya saa tano usiku, tarehe 31 Januari, na mauzo yake huingia kwenye hesabu za mwezi uliokwisha.

PostgreSQL, programu ya kanzidata ambayo haina malipo ya leseni, hulishughulikia jambo hili vizuri, alimradi safu ya wakati iwe ya aina ya timestamptz, yaani wakati unaozingatia kanda ya saa. Ikipokea 2025-02-01 02:00:00+03, ambapo +03 ni saa tatu mbele ya UTC, huigeuza kuwa UTC na kuihifadhi kwa baiti 8, kisha kila inaposomwa huionyesha kwa kanda ya saa iliyowekwa kwenye muunganisho wa programu inayoisoma, kwa hiyo programu iliyoagiza SET TIME ZONE 'Africa/Dar_es_Salaam' hupata saa nane yake kamili. Katika MySQL, kanzidata nyingine, aina ya TIMESTAMP hufanya kazi inayokaribiana na hiyo, lakini inakomea tarehe 19 Januari 2038, na kwa mikataba ya muda mrefu huo si mbali.

Lawama zangu ni mbili. Aina ya timestamp, isiyo na tz, huitupa ile +03 bila hata onyo, jambo ambalo kwa kanzidata inayosifika kwa ukali wake halina udhuru. Pili, anayeandika 'UTC+3' badala ya jina la mji hupelekwa magharibi ya Greenwich kwa kanuni ya POSIX (viwango vya mifumo ya kompyuta, ambavyo hapa alama ya + humaanisha magharibi), na saa zake hupishana na za Dar es Salaam kwa saa sita nzima. Mbali na lawama hizo, timestamptz haihifadhi kanda ya saa ya aliyetuma. Anayehudumia Mombasa na Lubumbashi kwa pamoja, miji ambayo saa zake hazilingani, aongeze safu ya jina la kanda.

Kwa wenye data ya zamani iliyoandikwa kwa UTC, amri ya kubadili aina ya safu iambatane na USING iliundwa AT TIME ZONE 'UTC', ambapo iliundwa ni jina la safu yenyewe. Bila kipande hicho, PostgreSQL huchukulia kwamba saa zote zilikuwa za muunganisho uliopo, na iwapo muunganisho huo ni wa Dar es Salaam, rekodi zote zitarudi nyuma saa tatu.