Tahadhari: Jihadharini na "mwokoaji" wa alpaka na lama hapa Nairobi

Ndugu wapenda wanyama wa Nairobi na viunga vyake, kuna mwanamume anayezunguka Karen, Lang'ata na Ngong akijitambulisha kuwa mwokoaji wa alpaka na lama (wanyama wa manyoya wa jamii ya ngamia) walioachwa na wenyewe. Hana alpaka, hana lama, na nijuavyo mimi hana hata kuku. Amenila shilingi 123,000 mchana kweupe, na naandika haya nikiwa bado natetemeka kwa hasira, na kwa aibu pia, maana wengi wenu mlikwisha kuniuliza wanyama hao wanafika lini.

Sisi huwatafutia punda makao huko Kiserian, na boma letu la nyuma limekuwa tupu tangu wale punda wa mwisho waliokuwamo waondoke.

Tulikutana katika mkahawa mmoja wa Karen. Alikuja amevaa gambuti zenye matope yaliyokauka, faili ya plastiki kwapani, akaomba radhi kwa kuchelewa kwa sababu eti alikuwa akimtibu mbuzi. Alieleza kwamba mzee mmoja wa Kizungu mwenye shamba karibu na Nanyuki ameuza ardhi na anarudi kwao Uingereza, na kwamba alpaka watatu na lama mmoja watachinjwa wasipopata makao kabla ya mwezi kwisha. Hakusema anauza. Neno "bei" halikumtoka kinywani hata mara moja, na hapo ndipo ujanja wake ulipo.

Kisha akaanza kunihoji mimi. Aliuliza ua wa boma una kimo gani, kama kuna kivuli cha kutosha, kama mbwa wa majirani huingia, na kama nilikuwa tayari kuwachukua wote wanne kwa pamoja, kwa kuwa alpaka ni mnyama wa kundi na ukimtenga peke yake hunyong'onyea. Hilo ni kweli kabisa. Alinieleza kwamba miguu yao ina vidole viwili vyenye nyayo laini badala ya kwato ngumu, hivyo hawachimbui malisho, na kwamba hupenda kunyea mahali pamoja, jambo linalorahisisha usafi. Hilo nalo ni kweli. Yeyote aliyewahi kuwatafutia wanyama makao anajua kwamba mwokoaji halisi humkagua anayepokea kabla ya kumkabidhi chochote. Mimi mwenyewe nimewanyima watu punda kwa sababu ya majibu yao. Ndiyo maana, badala ya kumpima yeye, nilikuwa nikijieleza mbele yake kama mtu anayeomba kazi, nikitamani anikubali.

Kilichonimaliza ni manyoya. Alitoa kwenye mfuko wa karatasi fungu la manyoya ya rangi ya hudhurungi, akaniwekea kiganjani. Niliyafikicha, nikayanusa. Sufu ghafi ya kondoo ina mafuta, huacha utelezi vidoleni na harufu isiyotoka upesi. Haya yalikuwa makavu, laini na mepesi, yenye vumbi kidogo tu, jinsi manyoya ya alpaka yanavyopaswa kuwa. Basi niambieni, ninyi mngefanyaje? Sasa najua kwamba manyoya hayo huuzwa duniani kote kwa wasokotaji wa nyuzi, na konzi moja haimgharimu tapeli chochote cha maana.

Nilituma 85,000 kwa M-Pesa pale pale mezani, fedha za usafiri na za vibali vya kuhamisha mifugo. Ujumbe wa uthibitisho ulikuja na jina la mwanamke. Bila kupepesa jicho akasema huyo ni mhasibu wa daktari wa mifugo, akaniandikia risiti kwa mkono, akaigonga muhuri aliokuwa nao mfukoni. (Muhuri, mfukoni!) Siku ya kuwapokea, nyasi kavu zikiwa zimekwisha kupangwa na maji yamejaa, mtu aliyejiita dereva alipiga simu akisema wamezuiwa na maafisa njiani, pale Sagana, na zinahitajika 38,000 za karantini la sivyo wanyama watalala juani bila maji. Nyuma ya sauti yake nilisikia mguno mwembamba, ule ule ambao alpaka hutoa wakiwa na wasiwasi. Bila shaka ulikuwa wa kurekodiwa. Nilituma. Tangu hapo simu zote mbili zimezimwa.

Dalili zilikuwepo, na nazitaja tu jinsi zinavyonijia. Picha alizoziita za alpaka zilikuwa za wanyama wenye masikio marefu yaliyopinda kama ndizi, na hao ni lama. Masikio ya alpaka ni mafupi na yamenyooka. Alidai jike mmoja angezaa pacha baada ya mimba ya miezi 5, kana kwamba ni mbuzi, ilhali alpaka hubeba mimba kwa takriban miezi 11 na nusu na karibu kila mara huzaa mmoja. Alikataa nisiende Nanyuki kwa kisingizio kwamba mzee hataki wageni. Wanyama hawa asili yao ni milima ya Andes, na mifugo ya nje haiingii Kenya bila kibali cha Mkurugenzi wa Huduma za Mifugo, ambaye ofisi yake iko Kabete. Nendeni na karatasi zenu huko mkaulize kabla ya kutoa hata shilingi.

Nimeripoti polisi na nina nambari ya OB (kitabu cha matukio cha kituo). Naambiwa kifungu cha 313 cha Sheria ya Adhabu kinatoa kifungo cha hadi miaka 3 kwa anayejipatia mali kwa udanganyifu. Mitatu tu! Mtu huyu anastahili kufungwa mitatu kwa kila mnyama aliyemtunga, na akitoka asombe samadi ya punda wetu mpaka deni liishe.

Alipokuwa Karen alijisifu kwamba kuna familia ya Tigoni iliyokubali kuwachukua lama wengine wawili. Kama ni ninyi, msilipe, na akiwapigia tena mwekeeni miadi, kisha mnijulishe mimi na polisi mahali na saa.