Kusadikika ya 1951 kwa posta hadi Mombasa: uzoefu wangu

Miaka minne nimeitafuta Kusadikika ya Shaaban Robert, ile chapa ya kwanza ya wachapishaji Thomas Nelson, 1951. Naipenda nchi ile iliyo angani tangu nilipoisoma shuleni, na nilitaka nakala ya mwaka ilipozaliwa.

Mara ya kwanza niliumia. Muuzaji mmoja wa mtandaoni alitangaza "toleo la kwanza", nikalipa, kikanijia kitabu cha miaka ya sitini. Aliuona mwaka 1951 nyuma ya ukurasa wa jina akaishia hapo. Mstari wa chini yake, unaosema kimechapwa tena lini, hakuusoma. Kitabu hiki kimesomeshwa sana, kimechapwa mara nyingi, kwa hiyo mwaka wa juu peke yake si ushahidi. Pesa sikurudishiwa.

Muuzaji wa pili ana duka la vitabu vikuukuu Uingereza. Huyu nampa nyota zote tano. Kabla hatujataja bei alinitumia picha nane: nyuma ya ukurasa wa jina, mgongo, kila kona, madoadoa ya kahawia, hata mahali mwanafunzi fulani alipoandika jina lake kwa wino. Aibu za kitabu alizitoa yeye mwenyewe. Nikalipa shilingi 14,000 pamoja na usafirishaji, na siku ya kumi na tisa nikakichukua Posta ya Digo Road, kimekazwa baina ya mbao mbili nyembamba, hakina mkunjo.

Kazi kubwa imeanzia nyumbani. Hewa yetu ya bahari haina huruma na karatasi. Msimu mmoja wa mvua ndefu unatosha kuingiza koga. Nilikipeleka Mji wa Kale kwa fundi wa kujalidi, nikitaka kukivika ngozi mpya. Mzee akakigeuzageuza, akanirudishia. "Mwanangu, hiki usikiguse. Ukikivua nguo yake ya asili umekiua." Kweli, na wanaokusanya The Hobbit ya 1937, riwaya ya Kiingereza ya Tolkien, hutazama kwanza kama lile jalada la karatasi bado lipo. Akanitengenezea kisanduku cha kadi ngumu kwa shilingi 1,200. Ndani nimetia vifuko vya kunyonya unyevu, navibadilisha kila mwezi, na kabati nimelisogeza mbali na ukuta wa nje.

Yule wa Uingereza nimeshamwandikia tena. Safari hii natafuta Adili na Nduguze, ya Shaaban Robert huyohuyo, Macmillan, 1952.