Tuwei na intamidieti madukani Mtwara: ya kununua na ya kuiacha kaunta

Ramani ya nyumba nyingi zinazojengwa sasa Chuno, Naliendele au Mitwero kule Lindi ni ileile: mlango wa mbele unaingia sebuleni, korido inapita katikati, vyumba huku na huku, na mwisho mlango wa uani. Taa ya korido hiyo ikipewa swichi moja tu pale sebuleni, anayetoka chumba cha mwisho usiku wa manane anapapasa ukuta. Kuiwasha taa hiyo sehemu tatu si kazi ngumu kwa fundi anayeijua: tuwei mbili (swichi za kuwashia taa moja kutoka sehemu mbili), moja mwanzo wa korido na nyingine mwisho, na intamidieti moja (swichi ya kuongeza sehemu ya tatu) katikati. Ugumu uko dukani, kwa sababu swichi tatu zinazofanana sura kwa mbele zina kazi tofauti kabisa kwa nyuma, na muuzaji mwenyewe si kila mara anajua amekupa ipi.

Tuanze na hukumu. Tuwei ya bei ya kati inatosha, ya bei ya chini kabisa haifai karibu na bahari. Intamidieti nunua halisi, hata kama itabidi iagizwe Kariakoo na kuletwa kwa basi. Seti za rimoti (swichi zisizo na waya) ziache kama bado una njia ya kupitisha waya.

Kuhusu tuwei: nyuma ina pointi tatu, COM (ya pamoja), L1 na L2. Wanwei, swichi ya kawaida ya sehemu moja, ina mbili tu. Tofauti ya bei ni ndogo, ndiyo maana baadhi ya mafundi hununua tuwei kwa nyumba nzima; hakuna ubaya, kwani ukitumia COM na L1 pekee inakuwa wanwei ya kawaida. Sanduku la tuwei utalipata karibu kila duka la vifaa vya umeme mjini, kwa hiyo una nafasi ya kuchagua. Itumie. Omba uitoe kwenye kifuko na uigeuze.

Nenda na sumaku ndogo, hata ile ya spika mbovu ya redio. Iguse kwenye skurubu na kwenye vipande vya chuma vinavyoshika waya. Vikiwa vya brasi, sumaku haivuti. Ikivuta kwa nguvu, hicho ni chuma kilichopakwa rangi tu, na kwa Shangani, Mikindani au nyumba yoyote inayopokea upepo wa chumvi moja kwa moja, kitashika kutu hadi bisibisi ikose pa kuuma. Usiishangae sumaku ikivuta kidogo katikati ya swichi. Humo mna springi, nayo ni ya chuma hata kwenye swichi nzuri. Baada ya hapo ingiza kipande cha waya wa 1.5 (milimita za mraba), kaza, vuta. Waya ukitoka kwa mkono, rudisha swichi. Mwisho bonyeza taratibu sana: swichi nzuri inaruka upande wa pili kwa mlio mmoja mkavu. Ile inayokubali kusimama katikati, kitufe kikiwa si juu wala si chini, ndiyo itakayokuwa inacheua cheche ndani.

Maandishi ya 10A au 16A yasikubabaishe. Balbu ya LED ya wati 9 kwenye umeme wa volti 230 inakula kama 0.04A. Hakuna swichi ya taa itakayoungua kwa mzigo huo. Swichi za korido zinakufa kwa pointi kulegea na kwa kutu, si kwa uzito wa umeme. Afadhali pesa ya kupandia kwenye 16A uiweke kwenye brasi. Tafuta alama ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania), na kama kifuko kimeandikwa IEC 60669 au BS EN 60669, hicho ndicho kiwango cha swichi za majumbani.

Zile zenye kitaa chekundu cha kuonyesha swichi iko wapi gizani tunazikataa kwa kazi hii. Kitaa kile huachia umeme kidogo upite kuelekea kwenye taa hata ikiwa imezimwa, na balbu ya LED inaanza kumetameta au kubaki na mwanga hafifu. Mteja anaita fundi, fundi anabadilisha balbu, tatizo linabaki palepale.

Sasa intamidieti, na hapa ndipo watu wanapouziwa mbuzi kwenye gunia. Ina pointi nne. Kazi yake ni kupokea nyaya mbili upande mmoja na kuzitoa upande wa pili, ama zikiwa zimenyooka ama zikiwa zimepishana. Bei yake huwa mara kadhaa ya tuwei, haitoki haraka, na wenye maduka wengi hawaiweki. Ukiikosa utaambiwa, "chukua tuwei ya gengi mbili, kazi ni ileile." Si ileile. Tuwei ya gengi mbili ina vitufe viwili vinavyojitegemea. Ukiiunga kwa kupishanisha, itafanya kazi endapo tu vitufe vyote viwili vitabonyezwa pamoja kila mara. Mtoto akibonyeza kimoja, nyaya zote mbili zinazoingia zinaangukia kwenye waya mmoja unaotoka, na wa pili unabaki mtupu. Kuanzia hapo swichi ya sebuleni haina sauti tena: taa inafuata swichi ya mwisho peke yake. Hakuna shoti wala hatari, ila umelipia swichi tatu ukapata moja.

Kuitambua iliyo halisi, weka multimita (kipima umeme) kwenye mlio na upime pointi mbilimbili katika mikao yote miwili ya kitufe. Pointi mbili ambazo hazilii pamoja kwa vyovyote ndizo jozi ya upande mmoja. Nyingine mbili ni jozi ya pili. Zitie alama kwa kalamu ya wino papo hapo. Usitegemee mahali zilipokaa, kwa sababu watengenezaji hawafanani: kwa mmoja jozi ziko juu na chini, kwa mwingine kushoto na kulia. Kosa la jozi lina dalili yake. Ukichanganya waya mmoja unaoingia na mmoja unaotoka kwenye jozi moja, taa itakuwa inafanya kazi vizuri kabisa intamidieti ikiwa mkao mmoja, na ikienda mkao wa pili taa haiwaki hata ubonyeze swichi za pembeni mpaka asubuhi. Ukiona hivyo usiilaumu bidhaa. Fungua, rekebisha jozi.

Uungaji wenyewe, kwa nyumba mpya ambayo paipu bado ziko wazi, uko hivi. Laivu (waya wenye umeme) kutoka breka ya taa inaingia COM ya tuwei ya kwanza. L1 na L2 zake zinatoa nyaya mbili hadi kwenye jozi moja ya intamidieti. Jozi ya pili inatoa nyaya mbili hadi L1 na L2 za tuwei ya mwisho. COM ya tuwei hiyo inapanda kwenye taa. Nyutro (waya wa kurudisha umeme) inakwenda kwenye holda bila kupita swichi yoyote, na ethi (waya wa ardhini) inafuatana na nyaya hizo zote, ikifungwa kwenye kila boksi la chuma. L1 na L2 zikibadilishana hakuna kinachoharibika. COM ndiyo isiyosamehe: ukiweka waya wa COM kwenye L1, utapata taa inayowaka kutoka swichi moja pale tu nyingine ikiwa mkao fulani. Ni lalamiko la kawaida kuliko yote, na karibu kila mara jibu lake ni COM.

Kama nyumba ina swichi tayari, na laivu pamoja na waya wa taa zote zinashuka kwenye boksi hilohilo, usibomoe dari. Weka tuwei kwenye maboksi yote mawili na upeleke nyaya tatu kutoka boksi la zamani hadi jipya: COM kwa COM, L1 kwa L1, L2 kwa L2. Kwenye boksi la zamani, laivu inakaa na L1, waya wa taa unakaa na L2. Intamidieti ikija katikati, inakata nyaya za L1 na L2 tu. Ule wa COM unapita kwenye boksi lake kwa konekta bila kugusa swichi.

Vipimo vya korido ya mita 9, dari mita 3, swichi zikiwa mita 1.3 kutoka sakafuni: swichi ya kwanza hadi intamidieti mita 5, intamidieti hadi ya mwisho mita 4. Kupanda na kushuka kwa kila kipande ni mita 3.4. Kwa hiyo kipande cha kwanza ni mita 8.4, cha pili 7.4, na kila kimoja kina nyaya mbili: jumla mita 31.6. Ongeza waya wa kurudi kwenye taa iliyo katikati, kama mita 6.2, na sentimita 20 za akiba kwa kila ncha ndani ya boksi, na utakaribia mita 40 za waya wa 1.5. Laivu ya kutoka kwenye breka, nyutro na ethi hesabu pembeni. Paipu ya milimita 20 inazibeba bila kusukumana. Maboksi ya inchi 3×3 chukua yenye kina cha milimita 35; intamidieti ni nene kuliko tuwei, na kwenye boksi fupi fundi ataishia kuzikunja nyaya kwa nguvu hadi skurubu ilegee. Ganda la waya menya milimita 8 hadi 10 na ukunje ncha mara mbili kabla ya kuingiza, maana 1.5 moja kwenye tundu kubwa hukwepa skurubu.

Nyaya zote zikiwa nyekundu, zitie namba kwa tepu kabla hazijaingia kwenye paipu. Zikishaingia, utazitafuta kwa multimita moja baada ya nyingine.

Kuna njia ya mkato ambayo bado inafungwa kwenye nyumba za watu, hasa pale fundi anapotaka kuokoa waya. Anachukua laivu na nyutro kutoka soketi iliyo karibu na kila swichi, anaziweka kwenye L1 na L2, na COM zote mbili zinakwenda kwenye taa. Taa inawaka na kuzimika kutoka pande zote, mwenye nyumba anashangilia. Lakini taa ikiwa imezimwa, huenda pande zote mbili za holda zina laivu. Anayepanda ngazi kubadilisha balbu akiamini swichi imezimwa anashika volti 230. Ikiwa soketi hizo ziko kwenye breka mbili tofauti, kuzima moja hakutoshi. Kuijua ni rahisi: ukiona nyutro imefungwa kwenye pointi ya swichi ya tuwei, mfumo huo uondolewe. Kazi hii ipewe fundi mwenye leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji), breka izimwe, na testa iguswe kwanza kwenye soketi inayofanya kazi ili ujue testa yenyewe ni nzima.

Kumaliza, jaribu mikao yote. Swichi tatu zina mikao 8. Taa iwake kwenye 4 na izimike kwenye 4. Fundi anayebonyeza kila swichi mara moja tu na kuaga hajajaribu kitu.

Balbu ikibaki na mwanga hafifu ingawa swichi hazina kitaa, chanzo mara nyingi ni urefu wa nyaya. Waya usiotumika kwa wakati huo unatembea sambamba na wenye umeme kwa mita nyingi, na umeme kidogo unahamia. Hutokea zaidi kwenye taa za uani zinazowashwa kutoka nyumba kubwa na banda la nyuma. Balbu ya ubora zaidi mara nyingi inamaliza. Isipomaliza, kapasita ndogo iliyotengenezwa kwa kazi hiyo inafungwa sambamba na taa.

Seti za rimoti zinavutia kwa sababu hazihitaji kukata ukuta. Kipokezi kinakaa darini na kinadai nyutro, vitufe vinabandikwa popote. Kasoro yake kwa huku kwetu ni umeme kukatika: unaporudi, vingine vinawaka vyenyewe, vingine vinabaki vimezimwa, na si rahisi kujua mpaka ununue. Betri ya kitufe ikiisha usiku ndiyo basi. Tunazikubali sehemu moja tu, kwenye nyumba za mawe za Mikindani. Kuta zile nene za matumbawe na chokaa hazikati mfereji ulionyooka, zinameguka vipandevipande, na nyumba ya zamani haistahili kuchimbwa hivyo. Hata hapo, tranki nyembamba ya plastiki inayofuata kona ya dari, yenye tuwei za kubandikwa juu ya ukuta, hudumu kuliko rimoti.

Kwa gesti au jengo lenye sehemu nne, tano za kuwashia, acha kuongeza intamidieti. Rilei ya msukumo moja (swichi ya koili inayobadilika kila kitufe kinapobonyezwa) kwenye kisanduku cha breka, na vitufe vya aina ya kengele vilivyofungwa sambamba, vinatumia nyaya mbili tu hadi kila sehemu, na unaongeza vitufe unavyotaka. Inagonga kidogo kila inapobadilika, kwa hiyo kisanduku kisiwe juu ya kitanda cha mgeni. Chagua vitufe vinavyorudi vyenyewe bila kukwama: kitufe kilichoganda ndani huishikilia koili muda wote, na koili nyingi za rilei hizi hazikuundwa kwa hilo, zinaungua.