Kibanda cha vitabu Majengo: hapa hadithi za anga zinapigiwa hesabu

Kwanza bei, maana najua ndilo swali mtakaloanza nalo. Kukodi kitabu kimoja kwa wiki ni shilingi 1,000. Unaweka amana ya 5,000, na unarudishiwa yote ukirudisha kitabu na kurasa zake. Kahawa kikombe kidogo 200, kashata 100. Kukaa kwenye benchi Jumamosi jioni na kusikiliza mjadala hulipi kitu, na mjadala huo ndio ulionifanya niandike.

Ni kibanda cha mabati kwenye mitaa ya nyuma ya Soko la Majengo, hapa Dodoma. Hakina bango, muulize muuza kahawa yeyote wa upande ule, atakuelekeza. Mwenyewe ni mama aliyestaafu kufundisha shule ya msingi, na sote tunamwita Mwalimu. Vitabu vyake ni vya mitumba. Kuna riwaya za mapenzi, vitabu vya dini na vya mitihani, lakini rafu mbili za mkono wa kushoto ni za hadithi za sayansi: safari za sayari, makoloni ya Mirihi, miji inayozunguka angani. Hizo rafu mbili ndizo ninazozipigia debe.

Nyuma ya kila jalada la hadithi hizo Mwalimu amebandika karatasi ya daftari la hesabu, ile yenye vijumba. Ukimaliza kusoma unaandika namba ya ukurasa, alichosema mwandishi, na unachokijua wewe. Sharti analisimamia kikamilifu: huruhusiwi kuandika "haiwezekani" bila hesabu. Na ukiandika kosa, lazima uandike pia mahali ambapo mwandishi alipatia. Kwa hiyo ukikodi kitabu unakodi na ubishi wa waliokisoma kabla yako, kwa miandiko yao, kwa kalamu nyekundu, bluu na penseli. Nimeingia maduka mengi ya vitabu, Dar na Arusha, na sijakuta huduma ya namna hii.

Chukua nakala yao ya The Martian ya Andy Weir, riwaya ya mwanaanga aliyeachwa peke yake Mirihi. Imegandishwa kwa gundi ya mbao, na karatasi yake imejaa pande zote mbili. Maandishi ya kwanza kabisa yanahusu dhoruba ya mwanzo wa kitabu, inayotishia kuangusha roketi na kuwafanya wanaanga wakimbie wakimwacha mwenzao. Sisi wa Dodoma tunaijua chamchela inavyozoa vumbi kiangazi, kwa hiyo wengi tunaisoma sehemu hiyo bila kushtuka. Aliyeandika ameshtuka. Kanieneo la hewa ya Mirihi, yaani jinsi hewa inavyokandamiza, halifiki hata asilimia 1 ya letu. Amepiga hesabu ya uzito wa hewa na mraba wa kasi, akapata kwamba upepo wa kilomita 100 kwa saa kule unakusukuma kama upepo wa kilomita 13 au 14 kwa saa hapa. Huo haung'oi hata mwavuli wa muuza vocha. Chini yake, kwa mwandiko mwingine, kuna jibu: mwandishi alilijua hilo, amekwisha kulisema mwenyewe, na aliiacha dhoruba kwa sababu alitaka maumbile ndiyo yaanze kushambulia. Tena kitabu hicho kilianza kwa kutolewa sura kwa sura kwenye tovuti yake, na wasomaji walikuwa wakimsahihisha kemia yake njiani.

Je, kosa hilo linaharibu kitabu? Kijana mmoja wa bodaboda, msomaji mkali kuliko wote pale, anashikilia kwamba linaharibu: ukishanidanganya ukurasa wa kwanza, kwa nini nikuamini ukurasa wa mia? Mwalimu alimjibu hivi: "Mwanangu, kosa la kumwingiza mtu kwenye shida namsamehe mwandishi. Kosa la kumtoa kwenye shida simsamehei, maana hapo ameninyima hadithi." Nimeligeuza jibu hilo kichwani tangu siku ile na naona ni sahihi. Kinachonifanya nifungue ukurasa unaofuata saa sita usiku ni kujua kwamba oksijeni ni kiasi fulani, chakula ni kiasi fulani, na mwandishi hatachomoa kingine mfukoni.

Ila kuna jambo moja ambalo sisamehi, liwe la kuingia au la kutoka, nalo ni maji.

Kazi yangu ni pampu na visima. Mji huu umekunywa maji ya visima vya Makutupora kwa miaka mingi, mvua yetu inaanza Desemba na kufikia Aprili au Mei imekwisha, na sijui mkazi wa hapa asiyejua thamani ya ndoo. Ndiyo maana nilikasirika nilipokodi riwaya moja, jina nimwachie Mwalimu, ambamo walowezi wanashuka Mirihi, wanasimamisha mtambo, na kabla ya chakula cha jioni maji yanaruka juu kama bomba lililopasuka. Nililipeleka benchini Jumamosi. Mzee mmoja wa Kigogo, mteja wa kahawa kuliko wa vitabu, akanikata: "Fundi, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wameinama wamepata, ugomvi wako nini?" Nikaomba chaki.

Barafu ipo, hilo halina ubishi. Chombo cha Phoenix kilipokwangua udongo karibu na ncha ya kaskazini ya Mirihi mwaka 2008 kiliikuta sentimita chache tu chini. Shida ni kuifikia kwa wingi na kuitoa ikiwa maji. Chombo cha InSight kilitua Novemba 2018 kikiwa na kifaa kilichotengenezwa Ujerumani, msumari wa sentimita 40 unaojigonga wenyewe, uliokusudiwa kushuka hadi mita 5 upime joto la ardhini. Udongo haukuushika. Uligandamana, ukaacha uwazi kuzunguka msumari, msumari ukawa unadunda palepale. Walijaribu hata kuubonyeza kwa koleo la mkono wa roboti. Januari 2021 waliacha. Kichwa chake kilikuwa kimezama sentimita mbili tatu tu chini ya uso. Mita 5 hapa kwetu ni kisima cha sululu na koleo, kazi ya vijana wawili. Mtambo wetu unatoboa mwamba kwa sababu una uzito wa kuukandamiza, na una hewa ya kompresa au tope la kutoa vifusi shimoni. Kule uzito unabaki asilimia 38, tope huna, na hewa ya kompresa inabidi uikusanye kwanza kutoka kwenye anga ambalo karibu ni tupu.

Halafu pampu. Pampu ya kuvuta inayokaa juu ya ardhi hainyonyi maji. Hewa ya nje ndiyo inayoyasukuma juu. Dodoma, kwa mwinuko wetu, hewa inaweza kuyapandisha karibu mita 9 kwenye karatasi, kazini ni pungufu. Nikapiga hesabu ile ile kwa kanieneo la Mirihi na mvutano wake: sentimita 16. Na hizo 16 ni za ubaoni tu, kwa sababu kwa kanieneo dogo vile maji yatachemka au kuganda kabla hujasogeza ndoo. Basi aliyeandika maji yanaruka juu kama bomba hakuuliza mtu yeyote wa visima.

Mzee aliuangalia ubao kwa muda akasema, "Basi watafanyaje?" Mjadala ukageuka hapo, ndiyo sababu naupenda. Tulikaa hadi giza tukijenga. Mwalimu wa kemia wa sekondari akapendekeza udongo wenye barafu uchimbuliwe, uwekwe kwenye chombo kilichofungwa, upashwe moto, mvuke ukusanywe. Akakumbusha kwamba Phoenix iliyakuta pia madini ya perkloreti kwenye udongo ule, yanayosumbua tezi ya shingo, kwa hiyo maji yale lazima yasafishwe kabla ya kunywa au kumwagilia. Anayeyajua maji ya chumvichumvi ya visima vyetu alimwelewa mara moja. Mwingine akasema tone lililokwisha kupatikana lisitupwe: Kituo cha Kimataifa cha Anga kilifikia mwaka 2023 kurejesha asilimia 98 ya maji, pamoja na jasho na mkojo wa waliomo. Mimi nataka watu wafike Mirihi, nataka sana, na jioni ile niliona hadithi nzuri kuliko ya kwenye kitabu ikijengeka mbele yangu, kwa sababu kila lita ilikuwa na mtu aliyeitolea jasho.

Jumamosi nyingine hoja ilikuwa makuba ya kioo, yale yanayochorwa kwenye majalada, watu wamekaa ndani wakitazama milima myekundu. Dada mmoja anayesoma Chuo Kikuu cha Dodoma alileta kipimo cha roboti ya Curiosity iliyotua 2012: takriban milisiveti 0.67 (milisiveti ni kipimo cha mionzi inayoingia mwilini) kwa siku juu ya ardhi ya Mirihi. Wastani wa mionzi ya asili duniani ni kama milisiveti 2.4 kwa mwaka mzima. Yaani siku nne za kule ni mwaka wa hapa. Kioo hakizuii hiyo. Unahitaji udongo, tena mwingi, juu ya kichwa. Mzee wa Kigogo aliposikia paa la udongo, bapa, nyumba imeinama chini kukwepa jua na upepo, akasema kwa furaha, "Hilo si tembe? Wazee wetu wameishi humo." Dada akaenda kuandika neno tembe kwenye karatasi ya kitabu kile, na mchoro juu. Mpaka leo ndiyo karatasi ninayoipenda kuliko zote pale dukani.

Kwa miji inayozunguka angani, ile yenye umbo la gurudumu ambamo mzunguko unawabana watu ukingoni wajisikie wana uzito, karatasi ni chache, na hesabu ni nyepesi: ukitaka uzito kama wa duniani kwa mizunguko miwili kwa dakika, gurudumu lako liwe na kipenyo cha karibu mita 450. Ukikutana na hadithi yenye gurudumu dogo kama uwanja wa mpira, watu wake watakuwa wakizungushwa kwa kasi ya kuwatapisha, na kijana wa bodaboda ameshaandika hivyo mara nyingi kiasi kwamba Mwalimu amemwomba apumzike.

Kama unadhani hii ni tabia ya watu wa Dodoma wasio na kazi, ubishi huu una umri. Larry Niven alitoa Ringworld, riwaya ya pete kubwa mno iliyojengwa kulizunguka jua, mwaka 1970, na mwaka uliofuata, kwenye mkutano mkuu wa wapenzi wa hadithi hizi huko Marekani, wanafunzi wa chuo cha teknolojia cha MIT walipita kwenye korido wakiimba kwamba pete yake haina uthabiti: ikisogea kidogo tu, itaendelea kusogea hadi igonge jua lake. Aliandika kitabu cha pili, na humo akaweka injini za kuirudisha mahali pake. Mwalimu anavyo vyote viwili, na anasisitiza ukodi kwa pamoja. Mtiini.

Sasa kasoro, na zipo. Vitabu vya Kiswahili kwenye rafu zile mbili vinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Hili linaniuma, kwa sababu wapo wanafunzi wa darasa la saba wanaokaa benchini wakisikiliza kwa macho makubwa na hawana cha kubeba kwenda kusoma nyumbani. Kibanda ni cha mabati, na mchana hakikaliki. Kurasa nyingine zimepotea. Kabla ya kulipa fungua kitabu uangalie mwisho upo. Mjadala nao unahitaji msimamizi mkali zaidi, maana mtu mmoja akianza kueleza roketi ya nyuklia wengine wanaweza kumaliza vikombe viwili bila kupata zamu. Na hakuna choo. Utatembea hadi sokoni.

Kwa anayetaka hadithi ya anga ya kupumzikia tu, bila kuulizwa swali, aje katikati ya wiki, akodi, aondoke. Mwalimu hamlazimishi mtu kuandika. Lakini ukiweza, njoo Jumamosi. Wanaanza saa kumi alasiri, jua likishalegea, na benchi lenye kivuli linajaa mapema. Wiki hii hoja ni kama mtoto anaweza kuzaliwa na kukua vizuri kwenye mvutano wa asilimia 38, na nesi mmoja ameahidi kuja. Na kama una hadithi ya anga ya Kiswahili ndani kwako, hata ikiwa imechanika, ibebe. Mwalimu ananunua, na akikuta imeandikwa vizuri anakupa na kahawa.